India na ahadi zake za tabianchi: mchana inashinda, jioni je?

Upepo wa Kusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naomba leo tuizungumze India, kwa utulivu na kwa hesabu. Kila mada ya tabianchi ikifunguliwa humu, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasema kwamba nchi inayoendelea na inayokua kwa kasi haiwezi kutimiza malengo yake, itabidi ichague moja, maendeleo au hewa safi. Mwingine humjibu kwamba India imeshatimiza, tena mapema. Nimekaa na takwimu hizi miezi kadhaa sasa, na naona wote wawili wana ushahidi mkononi. Mmoja ameitazama India saa sita mchana, mwenzake ameitazama saa mbili usiku.

Ahadi zenyewe ziko hivi. Oktoba 2015, kabla ya mkutano wa Paris, India iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesi joto kwa kila rupia ya pato la taifa kwa asilimia 33 hadi 35 kutoka kiwango cha 2005; kwamba asilimia 40 ya uwezo wa mitambo yake ya umeme haitategemea makaa, gesi wala mafuta; na kwamba misitu na miti yake itanyonya tani bilioni 2.5 hadi 3 za ziada za hewa ukaa. Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow, Waziri Mkuu Narendra Modi akaongeza mengine: gigawati 500 (gigawati moja ni megawati 1,000) za umeme usio wa makaa, gesi wala mafuta kufikia 2030, na mwaka 2070 nchi iwe imefika sifuri, yaani kinachotoka kisizidi kinachonyonywa. Agosti 2022 ahadi rasmi zikapandishwa: asilimia 45 kwenye hesabu ya rupia, asilimia 50 kwenye mitambo.

Sasa matokeo. Ile asilimia 40 ya mwanzo ilifikiwa mwaka 2021. Asilimia 50 ilifikiwa Juni 2025: kati ya takriban gigawati 485 zilizofungwa nchi nzima, karibu 243 ni za jua, upepo, maji, nyuklia na mabaki ya mimea. Miaka mitano kabla ya muda. Kwenye hesabu ya rupia, ripoti ambayo India iliwasilisha Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2024 inaonyesha punguzo la asilimia 36 kati ya 2005 na 2020. Mtu akiishia kusoma hapo, ana haki ya kusema kazi imefanyika.

Lakini mwaka wa fedha wa 2024/25, India ilichimba zaidi ya tani bilioni 1 za makaa ya mawe, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Na ukiacha kuhesabu mitambo ukahesabu uniti zinazofika kwenye soketi, takriban 7 kati ya kila 10 bado zinatoka kwenye makaa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitaeleza pole pole. Mtambo wa sola wa megawati 100 unafikia hizo 100 kwa muda mfupi tu adhuhuri, ukipata anga safi. Asubuhi unatoa kidogo, jioni kidogo, usiku hautoi kitu. Kwa mwaka mzima unaishia kutoa robo au moja ya tano ya kile ambacho ungetoa kama ungefanya kazi saa zote 24. Mtambo wa makaa wa ukubwa uleule, India, unatoa karibu theluthi mbili. Kwa hiyo nusu ya mitambo si nusu ya umeme, na lengo lilipangwa kwa mitambo.

Hesabu ya rupia nayo ina jambo lake. Chukua uchumi unaokua kwa asilimia 7 kila mwaka, na gesi joto inayoongezeka kwa asilimia 4. Kila mwaka gesi kwa kila rupia inapungua, lengo linatimia, serikali inapongezwa. Baada ya miaka 18, gesi inayokwenda angani imekuwa maradufu. Sisemi India ilidanganya. Iliahidi inachoweza kutekeleza na ikatekeleza, jambo ambalo nchi tajiri kadhaa hazijafanya. Ninachosema ni kwamba anga halijui rupia.

Msimamo wangu: malengo ya 2030 India itayatimiza, mengine imeshayatimiza. Swali lililobaki ni la saa chache tu, kuanzia jua linapotua mpaka watu wanapolala. Nchi inayokua ikizitatua hizo, iko njiani. Isipozitatua, itaendelea kujenga sola na makaa kwa pamoja, na zote mbili zitaonekana ni maendeleo.

Karibuni. Nawaomba wenye ujuzi wa gridi waje hapa.

Fundi Gridi

Mkuu umeniita, nimekuja. Kazi yangu ni mifumo ya umeme, na gridi ya India naifuatilia kwa sababu hakuna nchi nyingine ya kipato chake iliyojaribu kitu hiki kwa ukubwa huu.

Tarehe 30 Mei 2024 mahitaji ya umeme India yalifika gigawati 250, rekodi ya wakati huo. Ilikuwa mchana wa joto kali, na gridi ilistahimili kwa sababu jua lilelile lililokuwa linawachoma watu lilikuwa linapiga kwenye paneli. Tatizo lilikuja baadaye. Jua likitua, nchi inapoteza makumi ya gigawati ndani ya saa mbili hivi, na kuta za nyumba zilizokusanya joto tangu asubuhi bado zinalitoa. Hakuna anayezima kiyoyozi saa moja jioni mwezi wa Mei.

Nani anaziba pengo hilo? Maji kidogo, gesi kidogo, na makaa kwa sehemu kubwa. Sasa sikilizeni ugumu wenyewe. Tanuri la makaa si jiko la gesi, huwezi kulizima saa nne asubuhi ukaliwasha saa kumi na mbili jioni. Likipoa, kuliwasha upya kunachukua saa nyingi, linakula mafuta, na mabomba yanachoka kwa kutanuka na kusinyaa. Ukilihitaji jioni, lazima uliache linawaka mchana kwa kiwango cha chini. Kanuni za India za 2023 zinataka mitambo ya makaa iweze kushuka mpaka asilimia 55 ya uwezo wake, na baadaye ifike 40. Maana yake ni kwamba hata adhuhuri, sola ikiwa nyingi kupita kiasi, makaa bado yanachukua nafasi kwenye waya.

Ndiyo maana mwaka 2025 kule jimbo la Rajasthan kulikuwa na mitambo ya sola iliyoamriwa kupunguza uzalishaji mchana kweupe. Umeme upo, hauna pa kupita. Shamba la sola linajengwa ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Laini kubwa ya kusafirisha umeme inachukua miaka mitatu na zaidi, kwa sababu inavuka mashamba ya watu, misitu na mahakama.

Nikisema mahakama nina maana halisi. Jangwa la Thar, hukohuko Rajasthan, kwenye jua bora kuliko kote, ndiko pia anakoishi tandawala mkubwa wa India, ndege mzito aliyebaki chini ya 200 porini. Haoni vizuri mbele, anagonga nyaya anakufa. Aprili 2021 Mahakama ya Juu iliamuru nyaya zipitishwe chini ya ardhi katika eneo kubwa. Serikali ikarudi mahakamani kueleza kwamba kwa laini za msongo mkubwa jambo hilo haliwezekani kwa urefu ule. Machi 2024 mahakama ikalegeza amri na kuunda kamati ya wataalamu, na katika hukumu hiyohiyo ikatamka kwamba raia ana haki ya kulindwa dhidi ya madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Haki ya raia na uhai wa ndege vimekutana kwenye waya mmoja. Sijui kesi nyingine inayoonyesha uzito wa jambo hili kama hiyo.

Dawa ya jioni ipo, ni kuhifadhi. Betri, au kupandisha maji mlimani mchana na kuyashusha jioni kama wanavyofanya Tehri, Uttarakhand, ambako mtambo wa megawati 1,000 wa aina hiyo ulianza kuingia kazini 2025. Februari 2025 serikali ilielekeza kwamba zabuni mpya za sola ziwe na hifadhi ya saa mbili yenye ukubwa wa angalau asilimia 10 ya mtambo. Ni mwanzo mzuri, lakini kwa gridi ile bado ni kidogo.

Zumaridi

Mleta mada na Fundi Gridi, nimewasoma wote, ahsanteni. Ila kuna jambo mnalipita haraka sana, na mimi linaniuma.

Mtu mmoja wa India anatoa wastani wa takriban tani 2 za hewa ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia ni karibu 4.7. Mmarekani ni karibu 14. India ni ya tatu duniani kwa jumla kwa sababu ina watu zaidi ya bilioni 1.4, si kwa sababu watu wake wanaishi kwa anasa. Tunaposhindana hapa kama familia iliyonunua feni yake ya kwanza itavunja malengo ya dunia, naona tumeanza hadithi katikati.

Joto lililopo angani leo halikuletwa na feni hizo. Lililetwa na makaa na mafuta yaliyochomwa kwa zaidi ya karne moja na nusu katika nchi zilizokwisha kutajirika. Halafu nchi hizo ziliahidi mwaka 2009 kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya tabianchi kufikia 2020, zikafikisha 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Kwenye mkutano wa tabianchi kule Baku mwaka 2024 lengo jipya likawekwa, dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035, na mjumbe wa India akasimama palepale ukumbini kulipinga.

Paneli ya sola haina bei ya mafuta, gharama yake yote ni mtaji wa mwanzo. Kwa hiyo riba ndiyo bei ya umeme wenyewe. Jua la Rajasthan ni kali kuliko la Ujerumani mara mbili hivi, lakini anayejenga Rajasthan anakopa kwa riba kubwa kuliko anayejenga Ujerumani. Msiulize tu kama India inaweza. Ulizeni pia inakopeshwa kwa masharti gani.

Upepo wa Kusi

Dada Zumaridi, nakubaliana nawe kwa haki ya jambo hili, na nilipaswa kulitaja mapema. Nitaongeza kitu kimoja tu: pamoja na riba hiyo, Desemba 2020 zabuni ya sola kule Gujarat ilishuka hadi rupia 1.99 kwa uniti. Mwaka 2017 watu walishangaa ilipofika 2.44 kule Bhadla, Rajasthan. Kwa hiyo kwa umeme wa mchana India imeshapita mahali pa kuhitaji huruma, sola mpya ni rahisi kuliko makaa mapya. Mahali pesa ya nafuu inapohitajika sasa ni kwenye nyaya na betri. Hapo hoja yako ndiyo inasimama kwa nguvu zote.

Msafiri wa Nagpur

Nimesoma chuo India miaka minne, katikati ya nchi, jiji ambalo mwezi wa Mei linapita nyuzi 45 bila mtu kushangaa. Naomba niseme nilichokiona, kwa sababu takwimu peke yake haziwezi kuonyesha joto lile.

Saa nane mchana barabara zinakuwa tupu. Ukishika kitasa cha mlango wa chuma kinakuunguza. Usiku ndio mbaya zaidi, godoro lina joto, ukuta una joto, maji ya bomba yana joto. Umeme ukikatika saa nne usiku, jengo zima linaamka. Watoto wanalia, wazee wanapandishwa juu ya paa wakapate upepo. Mzee aliyekuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, alifariki katika wiki kama hiyo. Daktari aliandika moyo. Sisi tuliokuwa kwenye jengo tulijua ni joto.

Kwa hiyo mtu akiniambia India ipunguze makaa kesho, namuuliza: saa nne usiku Mei, nani anaendesha feni ya yule mzee?

Na mtu akiniambia India haifanyi kitu, naye namkatalia. Nilikuwepo taa za LED zilipoingia kila nyumba. Mpango wa UJALA ulianza Januari 2015. Serikali ilinunua kwa wingi kiasi kwamba bei ya balbu moja kwenye zabuni ilishuka kutoka karibu rupia 310 mwaka 2014 mpaka 38 mwaka 2016. Balbu zaidi ya milioni 360 zimegawiwa. Kwenye korido yetu walibadilisha zote siku moja, na yule mzee alishika ile ya zamani akaniambia, hii ilikuwa inanipa joto kuliko mwanga.

Jambo jingine, nyumba nyingi za watu wa kipato cha kati kule zina betri sebuleni au chini ya ngazi, kubwa kama ya lori, pamoja na inveta yake. Ziliwekwa zamani kwa sababu ya mgao, hakuna aliyewaza tabianchi. Watu wa India wamekuwa wakihifadhi umeme wa jioni wenyewe, kwa pesa zao, kabla ya sera yoyote. Fundi Gridi akisema betri ndiyo dawa, pale hakuna atakayehitaji kuelezwa mara mbili.

Fundi Gridi

Msafiri, pole kwa jirani yako. Hili la inveta za nyumbani ni kweli kabisa na wachambuzi wengi hulisahau.

Mchumi Mdogo

Wakuu, nimekaa kimya nikitafuta mahali pa kuingilia. Naingilia kwenye pesa ya makaa, maana nikisoma humu naona kama makaa ni mitambo tu. Kule ni maisha ya majimbo mazima.

Karibu nusu ya mizigo inayobebwa na reli za India ni makaa. Nauli ya mizigo ni ya juu ili nauli ya abiria iwe ya chini. Yule kibarua anayesafiri siku mbili kutoka Bihar kwenda Mumbai kwa tiketi ya bei ndogo, sehemu ya tiketi yake imelipwa na behewa la makaa. Ukiyaondoa makaa lazima useme nani atamlipia. Aprili 2022, joto lilipokuja mapema na akiba ya makaa kwenye mitambo ikapungua, reli ilifuta mamia ya safari za abiria ili treni za makaa zipite. Mnaona wenyewe nani alimpisha nani.

Halafu majimbo. Jharkhand, Chhattisgarh na Odisha yanategemea mrabaha wa makaa kwa mishahara, barabara na shule. Jua zuri liko Rajasthan na Gujarat, upande wa pili wa nchi, na upepo mzuri uko Gujarat na Tamil Nadu. Kazi zinazokufa na kazi zinazozaliwa ziko umbali wa kilomita zaidi ya elfu moja. Mchimbaji wa makaa wa Dhanbad, Jharkhand, hataamka asubuhi akawa fundi wa paneli jangwani. Karibu na Dhanbad kuna Jharia, ambako moto wa makaa chini ya ardhi uligunduliwa mwaka 1916 na bado unawaka. Ardhi inatoa moshi, nyumba zinapasuka, na kuna familia ambazo haziondoki kwa sababu riziki iko palepale kwenye moto. Kama watu hawa hawakuhamishwa vizuri kwa miaka yote hiyo, nina wasiwasi mkubwa na wengine watakaofuata.

Na kuna somo chungu la kodi. Mwaka 2010 India iliweka tozo ya rupia 50 kwa kila tani ya makaa, ikaipandisha mpaka 400 ifikapo 2016. Fedha ziliwekewa mfuko wa nishati safi. Lilikuwa wazo bora kuliko mengi ya nchi tajiri. Kuanzia 2017, kodi mpya ya bidhaa na huduma ilipoanza, tozo hiyo ikaelekezwa kufidia mapato ya majimbo. Tozo ilibaki ileile mpaka ilipofutwa mwaka 2025, ila kazi yake ilikuwa imeshabadilika.

Mwamba wa Hoja

Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mleta mada ni mpole mno.

Lengo la tatu, la misitu, hamjaligusa kabisa. Serikali inasema imeshafikisha tani bilioni 2.29 za ziada kati ya zile 2.5 hadi 3. Nendeni mkaangalie msitu ni nini katika ripoti yao: eneo lolote la kuanzia hekta moja lenye kivuli cha miti kinachofunika angalau asilimia 10, bila kujali mmiliki wala aina ya mti. Bustani ya maembe imo. Minazi imo. Shamba la mianzi limo. Msitu wa asili wa Chhattisgarh ukikatwa kupisha mgodi, na mikalitusi ikapandwa jimbo jingine, kwenye jedwali huenda usione hasara. Mimi nimekulia karibu na msitu, najua tofauti ya mahali ndege wanakolala na mahali wasikolala. Hesabu hiyo haiijui.

Na gigawati 80 za makaa mapya ambazo serikali imesema inataka ziongezwe kufikia 2031/32? Mtambo wa makaa ukijengwa unakaa miaka 30 hadi 40. Utakaowashwa 2032 utakuwa bado una uhai 2065, miaka mitano kabla ya ile sifuri ya 2070. Au uzimwe mapema na mtu alipe hasara, au uendelee kuchoma. Mimi nasema malengo ya 2030 yaliwekwa chini ili yarukwe. Kipimo halisi ni mtambo gani unaanza kujengwa mwaka huu.

Upepo wa Kusi

Mwamba, la misitu nakupa mkono, umeniongezea. Nililiacha kwa sababu silimudu, na wewe umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

La gigawati 80 nitakujibu. Kupanga mtambo na kuuendesha saa zote ni mambo mawili. Katika nusu ya kwanza ya 2025, umeme wa makaa India ulipungua kidogo ukilinganisha na nusu ya kwanza ya 2024. Sehemu ya sababu ni hali ya hewa, joto halikuwa kali kama la mwaka uliotangulia na mvua ziliwahi. Lakini sehemu nyingine ni sola mpya na upepo mpya vilivyoingia. Uchumi haukusimama katika miezi hiyo. Nusu mwaka haitoshi kujengea hukumu, najua, ila ni mara chache sana kuona jambo hilo katika nchi inayokua kwa kasi ile, na nilipoliona nilikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Kitu kinachoninyima usingizi zaidi kuliko umeme ni viwanda. India ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa chuma na inataka kufikisha uwezo wa tani milioni 300 kwa mwaka ifikapo 2030. Kila tani ya chuma chake inatoa takriban tani 2.5 za hewa ukaa, juu ya wastani wa dunia, kwa sababu viwanda vyake vingi vinatumia makaa kuyeyusha na hata kuandaa madini. Huko hakuna paneli ya kuweka juu ya paa ukamaliza. Haidrojeni safi, gesi inayoweza kushika nafasi ya makaa kwenye kazi hiyo, ipo kwenye mpango wa taifa wa Januari 2023, tani milioni 5 kwa mwaka kufikia 2030, lakini bei bado iko juu. Na Umoja wa Ulaya, kuanzia 2026, unatoza chuma kinachoingia kwake kulingana na hewa ukaa iliyotolewa kukitengeneza. Wafua chuma wa India wataisikia tozo hiyo kabla ya mkutano wowote wa tabianchi.

Mama Shamba

Samahani wakuu, mimi si msomi wa umeme. Naomba kuuliza, ardhi ya hizi sola wanaipata wapi, na wenye ardhi wanapata nini? Maana kila mradi mkubwa huanza na mkulima kuondoka.

Mchumi Mdogo

Mama, swali lako ni zito na jibu lake si moja.

Bhadla, Rajasthan, ni megawati 2,245 kwenye jangwa, zaidi ya ekari 13,000. Serikali iliiita ardhi tupu. Wafugaji waliokuwa wanapitisha mbuzi na ngamia pale hawakuiita hivyo.

Pavagada, Karnataka, walifanya tofauti. Ni eneo la ukame, wakulima walikuwa wanavuna kwa shida. Badala ya kununua, waliikodisha, karibu ekari 13,000, na mwenye shamba akawa analipwa takriban rupia 21,000 kwa ekari kwa mwaka, na kiasi hicho kinapanda kila baada ya muda. Ardhi ikabaki na jina lake. Ni mfano ninaoupenda. Ila waliokuwa hawana shamba, wale wa kulima kibarua kwa mtu, kodi haikuwafikia na kibarua kikaisha. Wengi wao ni wanawake.

Mama Shamba

Ahsante mwanangu. Hao wa mwisho ndio niliokuwa nawauliza.

Msafiri wa Nagpur

Mama, nami niongeze la Bhadla, maana nimefika. Mji wa karibu unaitwa Phalodi. Mei 2016 palipimwa nyuzi 51 pale, joto kubwa kuliko lote lililowahi kurekodiwa India. Paneli zenyewe hazipendi joto hilo, kila nyuzi ikipanda zinapoteza kidogo. Vumbi la jangwa linazifunika, kwa hiyo kuna mashine zinazopita juu yake na brashi kavu kuzisafisha bila maji, kwa sababu maji hakuna. Usiku watu wa vijiji vya pembeni wanalala nje juu ya vitanda vya kamba, wakitazama taa za kituo cha kusukuma umeme kwenda Delhi.

Zumaridi

Basi niulize la mwisho kwa upande wangu. Sisi tusio wataalamu, kama tunataka kujua India inakwenda mbele au inarudi nyuma, tuangalie namba gani? Zile asilimia za mitambo nimeshazikataa sasa.

Fundi Gridi

Dada, iko namba moja na iko wazi kwa kila mtu. Kampuni ya taifa inayoendesha gridi, Grid India, hutoa ripoti kila siku. Ndani yake kuna kilele cha mahitaji saa za jua na kilele cha saa zisizo na jua, kila kimoja peke yake, na kuna uniti zilizozalishwa kwa kila chanzo. Chukua siku moja ya Mei yenye joto. Tazama kilele cha saa zisizo na jua kilikuwa gigawati ngapi, na kama kulikuwa na upungufu. Kisha tazama uniti za makaa za siku hiyo. Rudia mwaka unaofuata, siku yenye joto kama hilo. Kilele kikipanda na uniti za makaa zisipande, betri na nyaya zimeanza kufanya kazi. Vyote viwili vikipanda pamoja, bado tupo palepale.

Mimi huifungua kila asubuhi kabla ya kuingia kazini. Ya leo sijaifungua bado, nikitoka hapa naenda kuitazama.